Muulize Bwana Shamba: Watafiti wa mbegu wanafanya nini huko vituoni?

Toleo lililopita niligusia watafiti wa mbegu kidogo tu, mistari kama minne, nikasema aina nyingi za mazao tunazolima zimetoka kwenye vituo vya TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Basi simu haikupumua. Wapo waliouliza vizuri, wapo walionisema kistaarabu, na mmoja kanitumia picha ya shamba lake bila neno lolote, picha tu, nikaelewa. Leo nafungua kapu lote. Barua nimezifupisha ila maneno ni yenu.

Shikamoo Bwana Shamba. Mwaka juzi nilinunua mahindi chotara mfuko wa kilo mbili, nikavuna hadi majirani wakaja kuangalia. Nikachagua mihindi mikubwa mikubwa nikaweka mbegu mwenyewe kama alivyokuwa anafanya marehemu baba. Sasa shamba la mwaka huu limekuwa kama watoto wa shule wamepanga mstari, mrefu mfupi mrefu mfupi. Jirani anasema wataalamu wanaweka dawa ili mbegu isirudie, tuwe tunanunua kila mwaka. Kweli? — Mkulima, Mbozi

Marahaba. Hakuna dawa ndugu yangu. Dawa pekee iliyopo ni ile rangi nyekundu unayoiona juu ya punje, ambayo ni ya kuzuia wadudu na ukungu, na kwa sababu hiyo zinazobaki usiwape kuku. Kilichokupata ni jambo la uzazi tu, na nitakueleza kwa urefu kidogo maana hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa kwa maneno.

Mhindi kwa kawaida yake unazaa na majirani. Mbelewele, yaani ua dume, iko juu, ndevu, yaani upande wa kike, ziko katikati, upepo unabeba chavua unaipeleka popote. Kwa hiyo kila punje kwenye mhindi mmoja inaweza kuwa na baba yake. Mtafiti akitaka kutengeneza chotara anaanza kwa kuukatalia mmea huo uhuru. Anafunika ndevu kwa kifuko cha karatasi kabla hazijachomoza, anafunika na mbelewele, alafu anachukua chavua ya mmea ule ule anaumwagia wenyewe. Msimu unaofuata anarudia, unaofuata tena, vizazi sita, saba. Na kila kizazi mmea unazidi kuchoka, unakuwa mfupi, kahindi kake kadogo mpaka unaona aibu kumwonyesha mgeni. Ukipita kwenye vile vitalu bila kuambiwa unaweza kusema hawa jamaa hawajui kulima kabisa! Ila ule mmea dhaifu una kitu kimoja, watoto wake wote wanafanana kama sarafu.

Sasa chukua wazazi wawili dhaifu wa namna hiyo, wasio ndugu, wachanganye. Mtoto anatoka jitu. Shamba zima urefu mmoja, linachanua siku zinazokaribiana, linakomaa pamoja. Hiyo ndiyo uliyonunua mwaka juzi. Na ndio maana kwenye mashamba ya kuzalisha mbegu utakuta mistari ya mama na mistari ya baba, na vibarua wanapita asubuhi asubuhi wanang'oa mbelewele zote za upande wa mama kabla hazijamwaga chavua, wakipitiwa na chache tu kundi zima linakuwa na mashaka.

Wewe ulipochukua watoto ukawapanda wenyewe, wakazaana wao kwa wao, basi tabia za wale babu na bibi dhaifu zilizokuwa zimejificha zikachomoza tena, huyu kachukua ufupi wa bibi, yule kachelewa kama babu. Mrefu mfupi mrefu mfupi. Hujakomolewa, umeonyeshwa ukoo.

Jambo lenyewe sio geni wala sio la makampuni ya juzi. Kule Kitale, Kenya, chotara ya H611 ilitoka mwaka 1964, na mzazi wake mmoja ni mahindi ya hapo hapo Kitale yaliyoboreshwa, mwingine ni mahindi yaliyotoka Ecuador, Amerika Kusini, yaliletwa na mtafiti Michael Harrison. Mahindi ya nyanda za juu za kule yakakutana na ya nyanda za juu za huku. Wazee wa Mbeya na Rukwa wanaoitaja H614 kwa heshima, huo ndio ukoo wake.

Weka akilini kitu kimoja, maana nitakirudia leo mpaka mnichoke: aina ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine. Aina ni jina na tabia, anaitengeneza mtafiti. Mbegu ni ile punje mkononi mwako, na hiyo imepita mikono mingi tangu itoke kwa mtafiti.

Unataka kujiwekea mbegu? Lima zile zinazochavushwa huru, zipo tena nzuri, Staha, TMV-1, Situka, ingawa Staha ni ya ukanda wa chini, huko Mbozi haikufai sana, muulize afisa ugani wako ya nyanda za juu. Hizo ukipanda zako misimu miwili mitatu hazikuangushi. Ila usichague ghalani kama baba! Chagua shambani mimea ikiwa imesimama, katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani mita 200 hivi au zaidi, na uchukue mihindi mingi, hata mia na zaidi, sio kumi mikubwa. Ukichukua kumi tu utakuwa unafanya kile kile cha mtafiti, unaozesha ndugu kwa ndugu, bila kujua.

Habari Bwana Shamba, mimi mwanafunzi, nipo Moro. Hii TARI ni kitu kipya au ni wale wale wa zamani wamebadilisha kibao? — Msomaji, Morogoro

Vyote viwili, mdogo wangu. Taasisi yenyewe imeundwa kwa sheria namba 10 ya mwaka 2016, makao makuu yapo Makutupora, Dodoma, kwenye zabibu. Lakini vituo vyake vina umri wa babu yako. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti pale Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na habari ya Amani nakuja nayo barua inayofuata maana ni tamu. Baada yao Waingereza, baada yao Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, baada ya hapo wizara, kila awamu kibao kinapakwa rangi upya, ila mtu wa kituoni anaendelea kuamka saa kumi na moja kwenda kufunika mbelewele.

Vituo vimegawana mazao. Naliendele kule Mtwara ni korosho, karanga, ufuta. Uyole ni viazi mviringo, maharage, mahindi ya baridi. Ukiriguru Mwanza ni pamba. Maruku Bukoba ni ndizi, pangekuwa pengine tungeshangaa. Ilonga ya Kilosa ni mahindi na mikunde. Mlingano Tanga ni mkonge na udongo, Dakawa na Ifakara mpunga, Hombolo mtama, Kihinga Kigoma ni michikichi. Kahawa haimo humo, ina taasisi yake.

Na kwa kuwa wewe ni mwanafunzi nakupa kitu cha kuwatambia wenzako. Mbegu ya pamba inaitwa UK 91, watu wanadhani imetoka Uingereza. UK ni Ukiriguru! Na UH kwenye mahindi ni chotara ya Uyole. SARO kwenye mpunga ni ufupisho wa maneno ya kizungu yanayomaanisha mchele wenye harufu nusu. Majina ya kiofisini kabisa, watafiti wetu sio washairi. Mkulima wa zamani aliita mpunga wake Kula na Bwana, Shingo ya Mwali. Linganisha na TXD 306, ambalo ndilo jina la kituoni la SARO 5.

Bwana Shamba hujambo. Mimi ni mama wa Muheza, nalima muhogo. Majani yananawiri, shina limesimama, lakini nikichimba na kukata muhogo ndani una mabaka ya kahawia magumu kama kizibo cha chupa. Hauliki. Tumezoea batobato inayokunja majani, hii ni nini tena inayojificha? Na watafiti hawaijui? — Mama mkulima, Muheza

Sijambo dada, na pole sana maana najua muhogo hapo Muheza ndio akiba, ukioza shambani ni sawa na benki imeungua.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unakudanganya kwa sababu batobato inajionyesha juu, kwenye majani machanga, yanakunjamana, yanakuwa na madoa ya njano. Huu unakaa kwenye majani ya chini yaliyozeeka, umanjano pembeni ya mishipa, unadhani ni uzee tu, na kwenye shina la kijani unaacha michirizi. Halafu kazi yote unaifanyia chini ya udongo. Wote wawili ni virusi, wote wanaenezwa na wale nzi weupe wadogo wanaoruka ukitikisa majani, ila mwenezaji mkubwa kuliko nzi ni sisi wenyewe, tunapobeba pingili za shamba moja kupeleka la pili.

Unauliza kama watafiti hawaijui. Dada yangu, panda juu hapo Amani, ni wilaya yako hiyo hiyo. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza duniani kutoka hapo hapo, mwaka 1936, na mtafiti mmoja anaitwa Storey. Sio Nigeria, sio Brazil ulikotoka muhogo, ni milima unayoiona ukitoka nje ya nyumba.

Na hawakuishia kuuandika. Miaka hiyo ya 1930 Storey na mwenzake Nichols walitafuta muhogo unaohimili virusi, wakakosa wa kutosha kwenye mihogo ya kawaida. Wakaenda kwa ndugu wa muhogo, ule mti wa mpira wa Ceara, ambao Wajerumani waliupanda sana Tanga wakitafuta mpira. Ni mti kabisa huo, una utomvu, hauna muhogo wa kula. Wakauchanganya na muhogo. Mtoto akatoka mgumu kwa magonjwa lakini mizizi yake kamba tupu, wakamrudisha kwa muhogo wa kawaida, wakachagua, wakamrudisha tena, wakachagua, mara kadhaa, miaka na miaka, mpaka ukapatikana muhogo unaoliwa wenye ugumu wa mpira ndani yake.

Sasa sikia mizunguko. Mbegu za kazi ya Amani zilipelekwa Ibadan, Nigeria. Huko zikazaa aina nyingine, ikaja kutumiwa na taasisi ya kimataifa ya IITA, ikatoka ile maarufu TMS 30572. Miaka ya 1990 Uganda ilipopigwa na batobato kali mpaka watu wakalala njaa, moja ya mihogo iliyopelekwa kuokoa jahazi ni hiyo hiyo 30572, Waganda wakaiita Migyera. Kwa hiyo damu ya Muheza imekwenda Afrika Magharibi imerudi Afrika Mashariki na jina jipya, hakuna aliyejua ni mtoto wa nyumbani. Ila, na hapa ndipo kazi ya utafiti inapokera, muhogo ule ulikuwa shujaa wa batobato tu, michirizi ya kahawia ilipokuja kuamka Uganda miaka ya 2000 ukaanguka.

Kuna mwingine wa Amani, namba yake 46106/27. Hati za zamani zinaujua kwa namba, wakulima hawana habari na namba. Pwani ya Kenya wanauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania kuna muhogo unaitwa Namikonga, unasifika kwa kuhimili michirizi. Walipokuja kupima nasaba wakakuta Kaleso na Namikonga na 46106/27 ni kitu kimoja! Wakulima wameubeba kwa mkono, pingili kwa pingili, wakati makabati ya ofisi yanaliwa na mchwa. Mimi hiyo habari inanifurahisha kuliko aina mpya kumi, na huo Namikonga hadi leo watafiti wanautumia kama mzazi.

Haya, wewe ufanye nini. Usichukue pingili kwenye shamba hilo hata kama shina linapendeza, hilo shina ndilo linalokuchekea. Tafuta aina inayohimili, Kiroba imesaidia wengi Pwani, zipo na mpya zaidi zenye jina la TARICASS, waulize watu wa kituo au afisa ugani nani karibu yako ana kitalu kilichokaguliwa. Ukizipanda, zipande mbali na shamba bovu, na miezi mitatu ya mwanzo pita ukiangalia, mche wenye dalili ng'oa, usihurumie. Na vuna mapema, ukiuacha ardhini miezi mingi kama tulivyozoea kuoza ndani kunazidi. Aina hata iwe ya dhahabu, ukipewa pingili zenye virusi umepewa virusi. Aina na mbegu, nilisema nitarudia.

Hivi hizi mbegu za watafiti si ndio GMO? Jibu moja kwa moja. — Msomaji, Dar

Hapana. Chotara ni kuchavusha, mbelewele na ndevu kama nilivyoeleza juu. GMO ni kuingiza kipande cha vinasaba maabara. Tanzania lilikuwepo jaribio la mahindi ya GMO pale Makutupora, lilianza 2016, baadaye serikali ikalisimamisha. Hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima nchini. Unayoiona dukani ni ndoa ya kawaida tu, ila ya kupangiwa.

Shikamoo Bwana Shamba. Mimi nalima mpunga, nimehamia SARO 5 kwa sababu inazaa. Tatizo ni mama mzazi, anasema ule sio wali, nimlimie Supa yake kipembeni. Watafiti wanapopima wanaonja kweli au wanahesabu magunia tu? — Kijana wa Kilombero

Marahaba kijana, na mama yako msikilize.

Wanaonja. Zamani haikuwa hivyo sana, aina ilikuwa inapimwa kwa mzani, ikizaa inapitishwa, ikifika kijijini wanawake wanaipika mara moja wanaiacha ikafia hapo, na kwenye makaratasi imeandikwa mafanikio. Siku hizi kwenye majaribio wanaita wakulima, wake kwa waume, wanapita kwenye vitalu wanaweka alama, baadaye inapikwa na kuonjwa bila kuambiwa ipi ni ipi. Nimewahi kukaa kwenye zoezi hilo, wali sahani sahani bila mboga, kufikia sahani ya nane unatamani hata chumvi. Kina mama wanaijua Supa kwa mvuke tu kabla hawajatia mdomoni.

Na SARO 5 yenyewe ni jibu la kelele za kina mama kama wako. Supa inanukia lakini ni ndefu, ukiitia mbolea inalala chini, na inachelewa. Zilikuwepo fupi zinazozaa, hazinukii, mlaji hazitaki. Kwa hiyo wakachanganya wapate kati kwa kati, ndio hiyo harufu nusu. Nusu ndio imempa kijana magunia, na ni ile nusu iliyokosekana ndio mama anaidai. Mlimie Supa yake. Kwanza sokoni ina bei yake, pili siku mtafiti akiihitaji tena kama mzazi ataikuta kwako, ingawa na Arusha ipo hazina ya taifa ya mbegu ambako aina za asili zinatunzwa kwenye baridi.

Zuri la mpunga ni kwamba unajichavusha wenyewe, kama maharage. SARO 5 ukiitunza safi, ukatoa mimea migeni, unaweza kupanda yako misimu kadhaa. Haidai mambo ya mahindi.

Kwa nini kila baada ya miaka michache mnatuambia aina mpya, aina mpya? Zile za zamani zimekosa nini? Naona kama watafiti wanatafuta kazi. — Mkulima, Babati

Swali lina ukali lakini ni la haki. Wewe wa Babati utakumbuka mahindi yalivyokauka yakiwa mabichi, majani yanaanza njano, yanakauka kuanzia ukingoni, mhindi hauna punje. Ugonjwa huo ulionekana kwanza Bomet, Kenya, mwaka 2011, mwaka uliofuata tukawa nao kaskazini mwa Tanzania. Ni virusi wawili wakikutana kwenye mmea mmoja. Aina karibu zote tulizokuwa nazo zilianguka, mpya kwa zamani, kwa sababu zilipotengenezwa huo muungano haukuwepo huku. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, ambayo leo inaitwa KALRO, na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, wakafungua kituo Naivasha ambako kazi yao ni kuyaambukiza mahindi makusudi waone lipi linabaki limesimama. Ukitembelea unaumia roho, ekari za mahindi yanayokufa kwa mpango.

Ngano ni hivyo hivyo, kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu, ya aina inayoitwa Ug99 ilionekana Uganda mwaka 1998, mpaka leo ngano za nchi nyingi zinaletwa Njoro, Kenya, kupimwa kama zinaihimili. Mdudu na kirusi nao wanafanya utafiti wao, hawana likizo.

Lakini nakubaliana na wewe nusu. Aina moja tangu kuchanganya wazazi hadi kuruhusiwa inakula miaka minane, kumi, hata zaidi, kwa sababu ikishachaguliwa inapelekwa maeneo tofauti misimu kadhaa, watu wa TOSCI, wakaguzi wa mbegu wa serikali, nao waipime wao wenyewe kama kweli ni tofauti na nyingine, inafanana shamba zima, na haibadiliki kizazi kwa kizazi, ndipo iende kamati ya taifa. Baada ya jasho lote hilo nyingine zinabaki kwenye orodha, mkulima hajawahi kuziona hata siku moja. Hapo ndipo na mimi huwa nachemka. Tunapiga picha siku ya kuitangaza aina, siku ya kuizalisha mbegu yake hatuonekani.

Bwana Shamba nimechoka kuuziwa nafaka iliyopakwa rangi. Nipe njia ya kupata mbegu ya ukweli ya maharage na viazi, niende wapi? — Dada wa Njombe

Pole dada, na mimi yamenikuta kwa hiyo usione aibu. Miaka ile nilinunua mbegu ya mpunga duka fulani, nikiwa na haraka, muuzaji ananipimia kutoka kwenye kiroba kilicho wazi, mimi mtu wa mbegu nimesimama naangalia! Ilipotoka ilikuwa pilau, mrefu mfupi, mwekundu mweupe. Niliona aibu hata kulalamika.

Njia yenyewe iko hivi. Mtafiti anatoa mbegu mama, kidogo sana, kilo za kuhesabu. Ile inazalishwa kuwa mbegu ya msingi, hapo wanaingia wakala wa mbegu wa serikali, ASA, na makampuni, na ya msingi ndiyo inazaa mbegu iliyothibitishwa unayouziwa. Kila hatua TOSCI wanatakiwa kukagua shamba na kupima maabara. Kwa hiyo kwa mahindi usinunue ya kupimiwa kwa kopo, nunua mfuko uliofungwa, wenye lebo ya TOSCI, ukwangue ile namba uihakiki kwa simu pale pale dukani, na lebo na risiti vikae mpaka uvune. Ukikosa hivyo vitu viwili huna kesi.

Maharage ni tofauti kidogo. Makampuni hayayapendi sana kwa sababu ukishanunua mara moja hurudi, unajiwekea. Ndio maana dukani hayapo ila maharage ya Uyole yamejaa sokoni kwa kula. Hapa tafuta vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, wanaruhusiwa kuuziana ndani ya eneo lao na wanakaguliwa, halmashauri yako inawajua. Uliza aina kwa jina, Uyole Njano, Uyole 96, usiseme tu naomba maharage mazuri.

Viazi usicheze kabisa. Kiazi cha mbegu kikishakuwa na mnyauko bakteria umeambukiza shamba miaka, sio msimu. Vile vidogo vya kubakia baada ya kuuza vikubwa, ambavyo ndivyo wengi tunapanda, mara nyingi ni vidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Nenda Uyole wenyewe au kwa wazalishaji wanaowasajili, agiza mapema, miezi kabla ya mvua, maana ukienda wiki ya kupanda utaambiwa vimeisha na ni kweli vimeisha.

Nafasi nyingine rahisi ni Nanenane, uwanja wa John Mwakangale pale Mbeya. Usiishie kwenye mabanda yenye muziki. Zunguka nyuma kwenye vipando vya kituo, aina zimepandwa zimesimama na vibao vyake, na anayezipalilia yupo, huyo ndiye wa kumuuliza sio mwenye kipaza sauti. Muulize ipi inakufaa kwa baridi ya Njombe na nani ana mbegu yake msimu huu. Na uende na daftari na penseli, andika jina la aina na namba yake yote, kalamu ya wino jasho linaifuta.